Chakula cha Kulipia Kabla au Punguzo la Bei: Familia Ichague Lipi Inapokwenda Mapumzikoni?

AlhamduliLlaah, sifa zote njema Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake wote. Ama ba'd.

Kila zinapokaribia likizo za skuli za Juni na Disemba, na kila zinapopita siku za 'Iyd, maswali yanayotufikia huwa yanafanana. Yanatoka kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba, na kwa walioko Muscat, Dubai na Uingereza wanaokuja nyumbani kutembea. Familia imepanga kwenda kupumzika siku mbili tatu Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje, au upande wa Vumawimbi kule Pemba. Hoteli imewapa njia mbili. Ya kwanza ni kulipa malazi pamoja na chakula, fedha zote zitoke kabla ya kufika. Ya pili ni kulipa malazi na chai ya asubuhi tu, kisha wapunguziwe asilimia kadhaa kila watakapokula hotelini. Wanauliza: ipi ina faida? Na je, zote mbili ni halali?

Tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, kwani ndani yake mna haki ya mali, haki ya watoto, na suala la kile kinachoingia matumboni mwetu.

Tufahamu kwanza tunauziwa nini

Kwenye karatasi ya bukingi utaziona herufi mbili mbili ambazo wengi huzipita bila ya kuziuliza. BB ni malazi na chai ya asubuhi. HB, ambayo watu wa mahoteli huiita hafu bodi, ni malazi, chai ya asubuhi na mlo mmoja zaidi, ambao kwa kawaida ni wa usiku. FB, yaani fulu bodi, ni milo yote mitatu. AI ni mpango wa kila kitu ndani: milo mitatu, vitafunio na vinywaji, na katika mahoteli mengi vinywaji hivyo ni pamoja na pombe.

Katika hafu bodi na fulu bodi, vinywaji vya chakula cha mchana na usiku mara nyingi havimo. Maji, soda na juisi hulipiwa mbali. Familia nyingi hulijua hilo siku ya kuondoka, inapoletewa bili ya pili baada ya kudhani kwamba ilikwishalipa kila kitu.

Ama punguzo, huja kwa sura tatu. Kuna punguzo la wakaazi, ambalo hoteli humpa mwenye kitambulisho cha Mzanzibari au kibali cha kuishi. Kuna punguzo la msimu, khasa wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni wanapopungua. Na kuna punguzo la kadi, ambapo mtu hulipa ada ya mwaka ili apunguziwe katika mahoteli na mikahawa kadhaa. Sura hizi tatu hazina hukumu moja, kama tutakavyoona.

Hukumu ya kulipia chakula kabla

Asili ya biashara ni uhalali, maadamu pande mbili zimeridhiana na hamna riba, udanganyifu wala kitu cha haramu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Amekataza kula mali za watu kwa batili na Akavua biashara ya kuridhiana. Kwa hivyo kulipa leo chakula utakachokula wiki ijayo si tatizo kwa dhati yake.

Shaka inayoulizwa ni ya bufe. Mtu analipa kiasi maalumu, lakini kiasi cha chakula hakijulikani. Mmoja atakula sahani moja na mwengine atakula nne. Je, hii siyo gharar, yaani biashara ya kitu kisichojulikana, ambayo Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameikataza katika Hadiyth ya Abu Hurayrah (Radhiya Allaahu 'anhu) iliyomo katika Swahiyh Muslim?

Wanachuoni wamebainisha kwamba gharar iliyokatazwa ni ile kubwa inayoleta ugomvi na dhulma, na kwamba gharar ndogo ambayo watu hawawezi kuiepuka wala hawagombani kwayo husamehewa. Imaam an-Nawawiy (Rahimahu Allaah), ambaye ni katika maimamu wa madhehebu yetu ya Shaafi'iy, ametaja mfano wa hammamu ya kuogea: watu huingia kwa malipo mamoja, ilhali mmoja hutumia maji mengi na mwengine machache, huyu hukaa sana na yule hutoka mapema. Pamoja na hayo wanachuoni wameafikiana kuwa inajuzu. Na Shaykh Ibn 'Uthaymiyn (Rahimahu Allaah) alipoulizwa kuhusu mkahawa unaomwambia mtu alipe kiasi fulani na ale mpaka ashibe, aliona kuwa hilo husamehewa kwa kuwa mlo wa mtu unajulikana kwa ada. Lakini aliongeza kuwa anayejijua kuwa ni mlaji kupita kiasi amweleze mwenye mkahawa. Wapo wanachuoni waliolitilia shaka jambo hili, na mwenye kujiepusha kwa ajili hiyo hatulaumu. Ila tunaloliona lina nguvu ni kujuzu, maadamu bei, siku na idadi ya milo vimebainishwa.

Jambo jengine ni arubuni, ile sehemu ya fedha inayotangulizwa ambayo hairudi mgeni akiahirisha safari. Wanachuoni wengi, wakiwemo wa Shaafi'iy, hawakuijuzisha, na Imaam Ahmad (Rahimahu Allaah) aliijuzisha. Majma' ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 8 kilichofanyika Brunei mwaka 1993, iliijuzisha kwa sharti kwamba muda wa kusubiri uwe umewekwa. Faida ya hapa kwa familia ni kuwa msitoe arubuni bila ya kujua tarehe: ni lini mwisho wa kughairi na kurejeshewa, na ni lini fedha inakuwa si yenu tena.

Hukumu ya punguzo na ya kadi za punguzo

Punguzo analolitoa mwenye hoteli kwa hiari yake, bila ya wewe kulilipia, halina tatizo. Ni mali yake, na kupunguza bei ni ihsani. Hali kadhalika kadi ya bure anayopewa mteja.

Ama kadi inayonunuliwa, mambo ni tofauti. Majma' ya Fiqhi ya Makkah, iliyo chini ya Raabitwah, iliichunguza kadi ya aina hii katika kikao chake cha 18 mwaka 2006. Iliamua kwamba haijuzu kuitoa wala kuinunua ikiwa ni kwa thamani maalumu au kwa ada ya mwaka, kwa kuwa mnunuzi anatoa fedha yenye uhakika kwa manufaa asiyoyajua: huenda akaitumia mara thelathini, huenda asiitumie hata mara moja. Ikaamua pia kuwa ya bure inajuzu. Wapo watafiti wengine walioitazama kama ada ya huduma na wakalegeza. Nasi tunamnasihi Muislamu ajitoe kwenye khilafu hiyo, kwani punguzo la bure la mkaazi linatosha, na kadi nyingi za aina hiyo huishia kwenye droo.

Na ikiwa punguzo limefungamana na kadi ya mkopo wa benki yenye riba, hapo hapana la kujadili. Asilimia kumi ya chakula haiwezi kuwa sababu ya kuingia katika mkataba wa riba.

Hesabu, ndugu zetu, kabla ya kutoa fedha

Baada ya kujua kuwa asili ya njia zote mbili ni halali, linabaki suala la faida. Hapa wengi hukisia kwa macho. Tuchukue mfano, na takwimu zake ni za kufundishia tu. Kila mmoja ataweka za hoteli yake.

Baba, mama, kijana wa miaka 13, binti wa miaka 8 na mtoto wa miaka 2 wanakaa siku tatu. Hoteli inataka nyongeza ya shilingi 45,000 kwa mtu mzima kila siku kwa ajili ya chakula cha usiku, na nusu yake kwa mtoto. Kijana wa miaka 13 anahesabiwa mtu mzima, mdogo hatozwi. Hiyo ni 45,000 mara tatu, jumla 135,000, na 22,500 za binti: 157,500 kwa usiku mmoja. Kwa siku tatu ni shilingi 472,500.

Njia ya pili ni punguzo la asilimia 10 kwenye menyu. Wakila kwa wastani, sahani na kinywaji cha mtu mzima ni 38,000, ya binti ni 20,000, na mdogo anakula katika sahani ya mama yake. Bili ni 134,000. Ikipunguzwa inakuwa 120,600, na kwa siku tatu ni 361,800. Hapa punguzo limewaokolea shilingi 110,700. Na wakitoka usiku mmoja kwenda kula wali kwa samaki kwenye mkahawa wa kijijini kwa shilingi 12,000 kila mmoja, watu wanne ni 48,000, jumla ya siku tatu itashuka mpaka 289,200.

Lakini ikiwa familia hiyo hiyo ni ya kuanzia supu na kumalizia vitamutamu, na kijana yuko katika umri wa kula sahani mbili, bili ya usiku mmoja huweza kufika 210,000. Ikipunguzwa asilimia 10 ni 189,000, na kwa siku tatu ni 567,000. Sasa waliolipia kabla ndio waliopata nafuu, tena ya shilingi 94,500.

Kwa hivyo hapana jawabu moja kwa kila nyumba, ila kuna kipimo kimoja. Chukueni nyongeza ya chakula ya usiku mmoja kwa familia nzima. Igawanyeni kwa kile mtakachobaki mkilipa baada ya punguzo. Punguzo likiwa asilimia 10, mnabaki kulipa 90 katika kila 100, basi gawanyeni kwa 0.9; likiwa asilimia 25, gawanyeni kwa 0.75. Katika mfano wetu, 157,500 kwa 0.9 ni 175,000. Bili yenu ya kawaida ya usiku, kwa bei ya menyu, ikiwa chini ya 175,000, chukueni punguzo. Ikiwa juu yake, lipieni kabla. Ombeni hoteli iwatumie menyu kwa simu, kaeni na watoto, kila mmoja ataje angekula nini, mjumlishe. Kazi ya dakika kumi hiyo.

Angalieni mambo matatu yanayoharibu hesabu. Je, punguzo linagusa vinywaji, au chakula peke yake? Je, bei za menyu zimeshaingia kodi na ada ya huduma, au zitaongezwa chini ya bili? Na bei ikiandikwa kwa dola, itageuzwa shilingi kwa kiwango cha siku gani? Kila moja katika haya linaweza kulimeza punguzo lote.

Milo iliyolipiwa na isiyoliwa

Hasara kubwa ya kulipia kabla huwa katika mlo uliolipiwa ukaachwa, khasa wa mchana. Watu waliokunywa chai ya hoteli saa 3 au saa 4 asubuhi, kwa mayai, maandazi, matunda na mikate, hawana njaa saa 7 mchana. Siku ya kwenda Changuu kuwaona kobe au msitu wa Jozani kuwaona kima punju, mchana utawakuta njiani. Siku ya kuondoka, chumba mnatakiwa mkiache kabla ya adhuhuri, na mlo wa mchana huenda haumo au mtaukosa kwa kuwahi boti ya Pemba. Na siku ya Ijumaa wanaume watakuwa msikitini wakati meza zinapoandaliwa. Ukihesabu hivyo, katika siku tatu za fulu bodi pengine familia itakula mchana mara moja tu.

Kwa hali hiyo tunaona fulu bodi haiwafai familia nyingi za hapa kwetu, isipokuwa hoteli iko mbali na vijiji na hamna mpango wa kutoka. Mkilazimika kuichukua, ulizeni kama siku ya safari watawafungia chakula cha kubeba. Mahoteli mengi hufanya hivyo yakiambiwa usiku wa kabla yake.

Kuna na saumu. Wapo wanaokwenda mapumzikoni baada ya 'Iydul-Fitwr na huku wanafunga Sitta Shawwaal, na wapo wasioacha Jumatatu na Alkhamisi. Mwenye kufunga asilipie chai ya asubuhi asiyoinywa. Aombe ibadilishwe kuwa daku, na hoteli yenye wafanyakazi Waislamu inalielewa ombi hilo kwa haraka.

Vile vile tazameni saa za chakula. Huku kwetu Maghrib huingia baada ya saa 12 jioni mwaka mzima, na 'Ishaa baada ya saa 1 usiku. Bufe inayofungua saa 1 na kufungwa saa 3 na nusu inawapa nafasi ya kuswali 'Ishaa kwanza kisha mkala kwa utulivu. Inayofungwa mapema itawafanya mle mbiombio na macho kwenye saa, na mwenye kulipia kabla hana uhuru wa kuiacha.

Na zingatieni tarehe. Mahoteli mengi huweka karamu ya lazima usiku wa tarehe 24 na wa 31 Disemba, nayo hulipiwa juu ya bei ya kawaida. Muislamu atajikuta amelipia sherehe isiyokuwa yake, yenye muziki na pombe. Ulizeni kabla, ikiwa hawakubali kuiondoa, hamisheni tarehe. Likizo ya skuli ina siku nyingine.

Jiko la hoteli

Hili ndilo jambo linalofanya uchaguzi huu uwe mzito kwa Muislamu kuliko kwa mtalii mwengine. Aliyelipia kabla amejifunga na jiko moja. Akifika na kukuta nyama ya nguruwe imewekwa kwenye meza ya chai ya asubuhi karibu na mayai, na koleo moja linazunguka katika sinia zote, fedha yake imeshaondoka. Mwenye punguzo anaweza kuinuka na familia yake akaenda pahala pengine.

Hatuwataki watu waingie katika wasiwasi. Visiwa vyetu ni vya Waislamu, wapishi na wachinjaji wengi ni Waislamu, na asili ya chakula cha Muislamu ni kukidhania kheri. Katika Swahiyh al-Bukhaariy mna Hadiyth ya Mama 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) kuhusu watu walioletewa nyama bila ya kujua kama ilitajiwa jina la Allaah, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akawaelekeza wao wataje jina la Allaah na wale. Lakini hoteli inayonunua kuku wa kuganda kutoka nchi za nje, na inayopika kwa ajili ya wageni wa kila dini, inafaa kuulizwa. Kuuliza mara moja kabla ya kulipa ni tahadhari. Kuuliza kila tonge ni kujitaabisha. Na mwenye shaka ana samaki, AlhamduliLlaah, ambaye hahitaji kuchinjwa. Lililobaki ni kuhakikisha kuwa hakukaangwa katika mafuta ya vitu vya haramu wala hakutiwa mvinyo katika mchuzi.

Ama mpango wa kila kitu ndani wenye pombe, tunawanasihi wazee wauache. Bei yake imepangwa kwa kuhesabu bia na mvinyo, hivyo familia isiyokunywa inachangia gharama ya kitu kilichoharamishwa. Zaidi ya hayo, baa yake huwa wazi mchana kutwa pale pale watoto wanapochezea, na imepokewa kutoka kwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) makatazo ya kukaa katika meza inayozungushwa pombe. Baadhi ya mahoteli huwa na bei nyengine ya vinywaji baridi tu, lakini haitajwi mpaka uiulize. Ikiwa haipo, chukueni malazi na chai, au hafu bodi, na muombe meza iliyo mbali na baa.

Mapumziko ya nani?

Wapo watakaosema: kwa nini yote haya? Tukodi nyumba yenye jiko, asubuhi tushuke dikoni tununue samaki, tupike wenyewe. Kwa fedha, mara nyingi hiyo ndiyo nafuu kuliko zote, na uhalali wa chakula hauna shaka.

Lakini nani atakayepika? Ikiwa mama aliyesimama jikoni mwaka mzima atasimama tena jikoni Jambiani, huku baba na watoto wanaogelea, basi hayo ni mapumziko ya nyumba nzima isipokuwa yeye. Tunaona hii ni sababu ya haki kabisa ya kulipia chakula kabla, hata hesabu ikizidi kidogo: kwamba kwa siku tatu asiulizwe, "Leo tunakula nini?" Imesihi kutoka kwa Mama 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akiwa nyumbani alikuwa katika kuwahudumia ahli zake. Baba anayetaka nafuu ya nyumba ya kukodi basi apare samaki yeye, na vijana waoshe vyombo.

Kinyume chake pia ni kweli. Asikope mtu ili alipie hafu bodi, wala asiipunguze ada ya skuli ya muhula ujao. Siku moja ya kwenda pwani na chakula kilichofungwa nyumbani, kisha jioni mkapita Forodhani mkala pamoja, ni mapumziko kamili mbele ya Allaah na mbele ya watoto.

Amana na adabu za mezani

Mkataba wa bufe una mipaka yake. Umelipia kula hapo mpaka ushibe. Hukulipia kujaza mkoba kwa ajili ya mchana. Kutia maandazi na matunda katika mfuko bila ya idhini ni kuchukua kisichokuwa chako. Ukiomba na ukaruhusiwa, ni halali yako. Hali kadhalika watu wawili kula kwa malipo ya mmoja, au kumwambia mpokea wageni kuwa mtoto ana miaka 10 ilhali ametimia 13. Mtoto huyo anasikia. Atakalojifunza pale kaunta litabaki naye muda mrefu baada ya shilingi zile kusahauliwa.

Na israfu ni haramu hata kwa chakula ulichokilipia. Aya ya 31 ya Suratul-A'raaf imeruhusu kula na kunywa, na papo hapo ikakataza israfu. Hoja ya kwamba "nimeshalipa" haiyapi mabaki ya sahani hukumu nyengine. Wafundisheni watoto wachukue kidogo, warudi tena wakitaka. Bufe haikimbii.

Ya kuuliza kabla ya kulipa

Tunayakusanya hapa ili iwe wepesi kuyatuma kwa hoteli, kwa maandishi, nao wajibu kwa maandishi:

1. Bei ina milo mingapi kwa siku, ya wakati gani, kuanzia mlo upi na kumalizia upi?
2. Maji na vinywaji vya mezani vimo?
3. Mtoto wa umri gani hulipa nusu, na wa umri gani hulipa kamili?
4. Nyama na kuku vinatoka wapi, na vimechinjwa na nani? Nyama ya nguruwe inapikwa jiko moja na vyengine?
5. Pombe inatolewa katika ukumbi wa chakula? Kuna bei isiyokuwa na pombe?
6. Mlo usioliwa hubadilishwa, hufungwa kuwa wa kubeba, au hurejeshewa fedha?
7. Tarehe zetu zina karamu ya lazima?
8. Punguzo ni la asilimia ngapi, ni la vitu gani, na linaweza kutumika pamoja na bei ya mkaazi?
9. Mwisho wa kughairi ni lini?

Hoteli inayojibu maswali haya kwa uwazi ni ya kuaminiwa. Inayosema "mtaona mkifika", msiilipe kabla.

Neno kwa ndugu zetu wenye mahoteli

Wapo wasomaji wetu wenye nyumba za wageni na mahoteli, na wengine ni mameneja. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amemsifia mwenye kukubali kuvunja mauzo kwa Muislamu mwenzake aliyejuta, na amebainisha kuwa malipo yake ni kwa Allaah. Mgeni aliyeuguliwa na mtoto akaikosa milo miwili, mrejesheeni au mpeni siku nyengine. Andikeni bei kwa Kiswahili kilicho wazi, na muwe na bei ya familia isiyokuwa na pombe. Familia za visiwani zipo, na zinapenda kutembea kwao.

Kwa ufupi

Kulipia chakula kabla kunajuzu maadamu bei, siku na milo vinajulikana na chakula ni cha halali. Punguzo la bure linajuzu, kadi ya kununua bora iachwe, na lenye riba ni haramu. Kwa familia nyingi za kwetu, hafu bodi katika hoteli iliyoulizwa na kuthibitishwa, au malazi na chai pamoja na punguzo la mkaazi, hutosha. Lipieni kabla ule mlo tu mnaojua kwamba mtakuwepo kuula, kwamba mtaula wote, na kwamba mnaweza kuutajia Bismillaah bila ya kusitasita.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Atubarikie katika rizki zetu na watoto wetu, na Ayajaalie mapumziko yetu kuwa sababu ya mapenzi na shukrani.

Na Allaah Anajua zaidi.